Riwaya ya By the Sea ya Abdulrazak Gurnah: kurasa za udi niziruke?

Mtu wa Wete
Assalaam alaykum. Mzee Saleh Omar kashuka Gatwick tarehe 23 Novemba, kasimama mbele ya afisa wa uhamiaji, anajifanya hajui Kiingereza. Mara anatuacha hapo hapo anaingia kusimulia udi. Yana kazi hayo, au niruke?

Bi Chetezo
Wa alaykum salaam. Hayo khasa usiruke. Ud-al-qamari, watu hudhani ni udi wa mwezi, kumbe jina limetoka kwa Wakhmer wa Kambodia. Na utomvu wenye harufu hautoki ila kwenye mti ulioingia ukungu. Mti mzima haufai kitu. Sasa jiulize, udi huo kaupata kwa nani? Kwa Hussein, Muajemi wa Bahrain aliyekuja na msimu, na huyo ndiye ukungu ulioingia familia mbili. Halafu mtazame afisa, Kevin Edelman, anavyolifungua kasha la udi la mzee akanusa. Wazazi wake mwenyewe wakimbizi wa Romania, na kasha halirudi.

Mkaa Barazani
Kosa la wengi ni kumuamini mzee moja kwa moja. Sehemu ya pili anasema Latif, mhadhiri wa London, na kesi ni ile ile ya nyumba. Chukua karatasi, piga mstari katikati, kushoto Saleh, kulia Latif. Fuata hati ya nyumba: Rajab Shaaban Mahmud kaiweka rehani kwa Hussein, Hussein kaitumia kukopa kwa Saleh, kisha kaondoka, hakurudi. Fuata na meza ndogo ya mpingo, iliyotoka dukani kwa Saleh ikawa zawadi ya Hussein kwa Hassan, kakake Latif. Latif, mtoto bado, katumwa kwenda kuiomba. Wote wawili wanaikumbuka, ila si kwa namna moja.

Na angalia jina la kwenye pasipoti ya mzee. Ni la babake Latif, huyo huyo Rajab Shaaban. Likikupita hilo, utapotea.

Sehemu ya tatu mimi imenichosha: wazee wawili wamekaa kwenye fleti wanaelezana.

Bi Chetezo
Sheikh, hilo si baraza tu lililohamia Uingereza? Udhaifu uko Ujerumani Mashariki. Latif anaandikiana barua na Elleke, anafika Dresden anakuta ni mwanamume, Jan. Hapo pana riwaya nzima, nayo imepitwa mbio.

Mtu wa Wete
Ahsanteni. Wazee wote wawili, au mmoja mzee na mmoja mtu mzima?

Mkaa Barazani
Umenishika. Latif si mzee.