Hakomi kwa wanandoa: mume anasema "sisikii kitu", tunafanyaje?

NasahaMoro:
Habari wadau. Swali kwa wanaotumia Hakomi, ile tiba ya kisaikolojia ya kujitazama kwa utulivu kinachojitokeza mwilini, na wanandoa. Mke akitulia na kujitazama, anaeleza kifua kinavyobana. Mume akiulizwa anasikia nini mwilini anajibu "sisikii kitu", kisha anaingia kwenye utetezi wa pesa za matumizi. Akiambiwa "hapa uko salama" anacheka. Mtu wa namna hii anaingizwaje kwenye kazi hii ya kujitazama? Na waonwe pamoja au mmoja mmoja?

BiRehema:
Ndugu, swali "unasikia nini mwilini" kwa mtu asiyelizoea ni mtihani, na mtihani huzaa utetezi. Anza na unachokiona wewe: "Taya limekaza hapo, ee?" Maneno manne matano, bila tafsiri. Ukikosea atakusahihisha, na hapo tayari ameshajitazama. Macho si lazima afumbe, atazame sakafuni tu.

"Sisikii kitu" nalo ni jibu, lifuate. Hicho kisichosikika kikoje: ganzi, uzito, utupu? Kinaishia wapi, shingoni au tumboni?

Sasa ile sentensi. "Hapa uko salama" ni dai la jumla, halimgusi. Mwanamume anayekimbilia pesa huenda ndani anaamini thamani yake ni anacholeta nyumbani. Jaribu "Unatosha hata mfuko ukiwa mtupu." Kwanza mwandae: "Angalia tu kinachojitokeza chenyewe, wazo, picha, kumbukumbu, msukumo wa mwili, au kusiwe na kitu, nitakaposema..." Nyamaza kwa pumzi mbili. Itamke mara moja kwa sauti ya kawaida, halafu nyamaza tena. Inaharibika ukiirefusha, ukitia sauti ya kubembeleza, au ukiuliza "umeamini?" Hatakiwi kuamini. Sentensi ni njema makusudi, ili tuone ndani yake ni nani anayeikataa.

Akicheka, usipite: "Cheko limekuja haraka. Turudie polepole, utazame linaanzia wapi."

MzeeTulia:
Bi Rehema kamaliza la maneno, naongeza la mabega. Akiyapandisha usimwambie ayalegeze, atayakaza zaidi. Ron Kurtz, aliyeijenga njia hii miaka ya 1970 na taasisi yake ikaanza 1981 kule Boulder, Colorado, aliweka kutotumia nguvu kati ya misingi yake. Kinga ya mteja haipigwi vita, inasaidiwa. Omba ruhusa, kisha yabebe mabega kwa kiasi kilekile alichoyapandisha, misuli yake ipumzike. Kilichokuwa kimefichwa na ule mkazo hupata nafasi ya kujitokeza: huzuni, woga, wakati mwingine usingizi tu. Kama mikono ya mshauri haifai, kwa jinsia au kwa heshima, weka mito chini ya viwiko.

Sauti ya ndani nayo hubebwa. Akisema "inabidi nijikaze", mshauri ndiye atamke "jikaze", yeye asikilize. Asipewe mke kuitamka, maana yeye ni upande mmoja wa shauri lenyewe.

SaikoPwani:
Mzee Tulia, kabla ya mabega mimi ningepima mapigo ya moyo, kipimo cha kidoleni kinatosha. John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Marekani, alionyesha kuwa mapigo yakizidi takriban 100 kwa dakika mtu hasikilizi tena. Hapo sentensi nzuri ni kelele tu. Simamisha kwa dakika 20 au zaidi, na wasiutumie muda huo kupanga hoja za kujibizana.

Kuhusu kuwaona pamoja: kikao cha mwanzo zungumza na kila mmoja peke yake, uulize waziwazi kuhusu kipigo na vitisho. Vikiwepo, usifanye kazi hii wakiwa pamoja. Kinachofunguliwa ofisini kitatumika kama silaha nyumbani.

Visipokuwepo, waone pamoja kwa zamu, kama dakika 15 kila mmoja. Na huyo mke anayezama haraka asikupumbaze. Akianza kutetemeka au macho yakiganda, usichimbe: macho wazi, nyayo sakafuni, ataje vitu vitano vilivyomo chumbani.

NasahaMoro:
Shukrani wakuu. Asiye kwenye zamu afanye nini? Kukaa kimya tu?

BiRehema:
Mpe kazi, akiachwa hivihivi atatoa hukumu. Viganja mapajani, afuatilie pumzi yake na sehemu inayobana anapomsikiliza mwenzake. Zamu yake ikifika anaanza na hicho: "ulipotaja baba yako, tumbo langu lilikaza." Akianza na "unaona, ndiyo maana wewe...", mkatize hapohapo, umrudishe tumboni.