Mjadala: Pikipiki za theluji kwenye mashamba ya watu Maine. Aombe anayepita, au aweke vibao mwenye shamba?

Mkulima wa Androscoggin (mleta mada)

Habari zenu ndugu. Naleta suala ambalo wengi wetu tunaoishi kaskazini mwa Marekani tunakutana nalo kila Januari, ila tunaliongelea pembeni tu, baada ya ibada au tukiwa kwenye foleni ya dukani.

Mimi na wenzangu tunakodi shamba nje kidogo ya Lewiston, jimbo la Maine. Mwezi wa Oktoba tunapanda vitunguu saumu, tunafunika matuta kwa majani makavu, na theluji inavilinda hadi Aprili. Msimu uliopita pikipiki za theluji (snowmobile, mashine za kuendeshea juu ya theluji) zilikata shamba kutoka kona hadi kona. Njia ya klabu ya waendesha pikipiki hizo ipo, ina alama, inapita ukingoni kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Walioingia hawakupotea. Walifuata theluji mbichi ambayo hakuna aliyeikanyaga.

Kwa wasiojua madhara yake: theluji iliyoanguka yenyewe imejaa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayozuia baridi kali isifike kwenye udongo. Ikikandamizwa na mashine, hewa inatoka, udongo unaganda hadi chini zaidi, na mahali hapo ndipo panapochelewa kuyeyuka. Ngano iliyopandwa kabla ya baridi na majani ya malisho yanadhurika vivyo hivyo. Anayepita juu haoni kitu. Anaona uwanja mweupe, basi anadhani hakuna kitu.

Sasa hoja yangu. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Maine ni ya watu binafsi na makampuni. Desturi ya hapa ni kwamba ardhi isiyo na kibao cha kukataza, watu huichukulia kuwa imefunguliwa. Kwa anayetembea kwa miguu, anayewinda au anayekwenda kuvua, naiheshimu sana desturi hiyo, imetunufaisha hata sisi wageni. Lakini kwa chombo cha moto chenye uzito wa zaidi ya kilo 200, nasema ni makosa. Mzigo ugeuzwe: mwenye mashine abaki kwenye njia iliyowekwa alama, au awe ameomba ruhusa. Mwenye shamba asilazimike kuzungushia dunia nzima vibao ili aheshimiwe.

Karibuni. Wanaonipinga ndio nawahitaji zaidi.

Dereva wa Aroostook

Kaka, pole kwa vitunguu. Kilichokupata ni uharibifu, na hapa hutapata mtu wa kuutetea. Ila pendekezo lako nalipinga, na naomba unisikilize kwa sababu mimi ni mwanachama wa klabu huku juu, nimeshika msumeno na nyundo kwenye hizo njia.

Maine ina takriban kilomita 22,000 za njia za pikipiki za theluji, na karibu zote zinapita kwenye ardhi ya watu. Nani anazitunza? Klabu zaidi ya 200, watu wa kujitolea. Wakati wa kiangazi tunagonga milango na kuomba ruhusa upya. Septemba tunakata miti iliyoanguka na kujenga madaraja. Theluji ikija tunasawazisha njia usiku, wengine wamelala. Huku kwetu, na kule Jackman, Rangeley na Millinocket, hoteli ndogo na vituo vya mafuta vinaishi kwa miezi hii. Bila pikipiki hizi, wafanyakazi wa hizo hoteli, na baadhi yao ni ndugu zetu wa Kongo na Burundi, wanarudishwa nyumbani Desemba.

Hofu yangu ni hii: ukishaandika kwenye sheria kwamba kila kitu kimefungwa mpaka ruhusa itolewe, wanasheria wa makampuni makubwa ya misitu wataanza kudai karatasi kwa kila kipande. Leo ruhusa nyingi ni za mdomo, mzee anakupa mkono mezani, basi. Ukidai karatasi, mzee huyo atasema "basi, tuache". Na mlango ukifungwa kwa mashine, kesho utafungwa kwa mwenye ndoano na mwenye bunduki. Sisi tusio na ardhi ndio tutakaoumia wa kwanza.

Mama wa Portland

Mie simo kwenye mambo ya sheria. Dada yangu anaishi vijijini, na hizo mashine zinapita nyuma ya nyumba saa saba za usiku, bomba la moshi limebadilishwa ili lipige kelele zaidi. Mtoto anaamka analia. Mnazungumzia uchumi, na usingizi wa watu je?

Kijana wa Lewiston

Mkulima, dawa ni nyepesi. Funga waya kati ya miti miwili. Mara moja tu, hawatarudi.

Dereva wa Aroostook

Kijana, futa hayo maneno kichwani mwako. Mtu anakuja kilomita 60 kwa saa usiku, waya haonekani, na unamkata shingoni. Watu wamekufa hivyo, Marekani na Kanada. Huyo anaweza kuwa mtoto wa miaka 13 anayemfuata baba yake.

Mkulima wa Androscoggin

Namuunga mkono Dereva kabisa. Na kisheria pia, Kijana, ungejiangamiza. Maine ina sheria inayomlinda mwenye ardhi: mtu akiingia kwa burudani akaumia, mwenye ardhi kwa kawaida hana wajibu wa kumhakikishia usalama. Sheria hiyo inamtaja hata anayekodi, kwa hiyo wakulima wa kukodi kama sisi tumo. Lakini ulinzi huo haumfuniki aliyeweka hatari kwa kusudi. Waya ni kusudi.

Mzee wa Burlington

Salaam wanangu. Nipo Vermont, jirani zenu, na nashangaa mnabishana kana kwamba jambo hili halijajaribiwa popote. Huku limejaribiwa. Kuna shirika liitwalo VAST, lilianzishwa mwaka 1967, linaunganisha klabu za jimbo zima. Anayetaka kutumia mtandao wake wa njia analipa ada ya utunzaji na kujiunga na klabu. Kwenye ardhi ya mtu binafsi huendi bila idhini yake; klabu ndiyo inayomwendea na kumwomba. Njia hazifunguliwi kabla ya Desemba 16, na zinafungwa ifikapo Aprili 15, hata kama theluji bado ipo, kwa sababu udongo umeanza kulainika na wenye ardhi wana kazi zao.

Moja ya kazi hizo ni kugema miti ya mepo (maple), ambayo utomvu wake hupikwa kuwa sharubati tamu. Kuanzia Februari hivi, wagemaji wametandaza mabomba membamba ya plastiki kutoka mti hadi mti, utomvu unashuka hadi kwenye banda la kupikia. Pikipiki moja ikikatiza humo gizani, bomba linakatika, mvuto wa pampu unapotea, na utomvu wa siku nzima unamwagika kwenye theluji. Msimu wenyewe ni wa wiki chache. Mgemaji aliyepatwa na hilo hamsamehi mtu, anafunga shamba lake. Na akifunga yeye mmoja katikati, njia ya maili 20 imekatika vipande viwili.

Kuhusu hofu ya Dereva, kwamba mashine zikifungiwa basi na mvuvi na mwindaji watafungiwa: huku haikuwa hivyo. Katiba ya Vermont, tangu 1777, inawapa watu uhuru wa kuwinda kwenye ardhi isiyozungushiwa, hata kama si yao. Hadi leo mtu anaingia msituni na bunduki yake ikiwa hakuna kibao halali, lakini mwenye pikipiki ya theluji anatakiwa awe na idhini. Mambo mawili hayo yanaishi pamoja bila shida.

Dereva wa Aroostook

Shikamoo mzee. Hilo la katiba sikulijua, nalikubali. Lakini Vermont ni jimbo dogo, na misitu yetu ya kaskazini ni mikubwa mno, mwenye ardhi mmoja anamiliki eneo ambalo huwezi kulimaliza kwa siku moja. Kuombana ruhusa kule si sawa na kugonga mlango wa mgemaji.

Dada wa Umeå

Niongeze ya huku Sweden, maana watu wengi wanadhani Skandinavia kila mtu anaenda atakako. Haki ya kila mtu kutembea porini ipo, na ni nzuri sana, lakini haihusu vyombo vya moto. Tangu 1975 kuna sheria ya kuendesha nje ya barabara. Ardhi isipokuwa na theluji, kuendesha kwa burudani kumekatazwa. Ikiwa na theluji inaruhusiwa, lakini si kwenye msitu wenye miche na miti michanga, wala kwenye shamba, isipokuwa iwe wazi kabisa kwamba hakuna madhara yatakayotokea. Angalieni walivyoipanga: hawakuuliza kwanza kama kuna kibao. Wameuliza ni nini kilicho chini ya theluji. Miche ya misonobari yenye urefu wa magoti haionekani Februari, mashine inaivunja vichwa, na mti huo utakua umepinda maisha yake yote.

Finland wamekaza zaidi, kwenye nchi kavu unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Huku kaskazini tuna pia wafugaji wa Kisami, wenyeji wa asili wa huku, na kulungu wao wa baridi (reindeer). Wao wenyewe hutumia pikipiki hizi za theluji kazini, kwa hiyo hawachukii mashine. Wanachokipinga ni mtu wa burudani anayekimbiza kundi wakati wanyama wanahitaji kuhifadhi nguvu zao.

Mkulima wa Androscoggin

Dada, asante. Hiyo ya Sweden ndiyo niliyokuwa naitafuta bila kuijua.

Dereva, nirudi kwako kwa hesabu. Sheria ya Maine inataka vibao visiachane zaidi ya futi 100, au upake alama za rangi ya zambarau kwenye miti au nguzo kwa umbali huohuo. Shamba la ekari 40 lenye umbo la mraba lina mzunguko wa maili moja kamili. Gawanya: ni alama 53. Ukingo wa shamba la wazi hauna miti ya kupaka, kwa hiyo ni nguzo 53 za kuchimbia kabla udongo haujaganda, na kuzikagua baada ya kila dhoruba. Nani wa kufanya hivyo? Mama wa miaka 60 anayekodi ekari mbili na kufanya zamu ya usiku hospitalini? Na akiweka vibao, jirani anamwona ni mtu mbaya aliyefunga ardhi, wakati alichotaka ni vitunguu vyake tu. Sheria ya sasa inamlazimisha mtu mpole achague kati ya kuonekana mkorofi na kuharibiwa mazao.

Halafu kuna jambo tusilolisema. Mimi ni Mweusi, nasimama shambani jioni, mbele yangu kuna watu wanne wenye kofia ngumu, nyuso hazionekani, namba za mashine zimefunikwa na theluji. Unataka niwasimamishe niwaulize? Mke wangu amenikataza, na yuko sahihi. Sheria inayotegemea mwenye shamba amkabili mvamizi ana kwa ana haikutungwa ikimfikiria mtu kama mimi.

Na wanaosema desturi ya Maine ni ya kale, nawaomba waisome yote. Kuna amri ya koloni la Massachusetts ya miaka ya 1640 ambayo Maine iliirithi: maziwa yenye zaidi ya ekari 10 ni ya umma, na mtu anaweza kupita ardhi ya mwingine kuyafikia. Lakini amri inasema apite kwa miguu, na asivamie nafaka wala majani ya mtu. Kwa miguu! Karibu miaka 400 iliyopita walishaweka mpaka huo.

Mama wa Portland

Sasa umesema. Na ukipiga simu, askari wa wanyamapori anafika saa ngapi? Wao ni wachache na eneo ni kubwa.

Mkulima wa Androscoggin

Mama, mara nyingi wameshaondoka. Ila piga hivyohivyo, na upige picha za alama kabla theluji mpya haijazifunika. Idara ya uvuvi na wanyamapori ya Maine ina mpango maalumu wa mahusiano na wenye ardhi, na taarifa zikiwepo ndipo huwa na cha kushika. Nilipoionyesha klabu ya kwetu picha, waliweka nguzo na utepe upande ule wa shamba, kazi yao, gharama yao.

Dereva wa Aroostook

Kaka, umenigusa hapo pa kusimama na watu wanne. Sikuwa nimelitazama hivyo, na nitalisema kwenye mkutano wetu.

Basi nieleze ninapoweza kufika. Mashamba yanayolimwa, miche, na miti inayogemwa: mashine isiingie nje ya njia iliyowekwa alama, kibao kiwepo kisiwepo. Mfano wa Sweden. Hilo nitalitetea mbele ya wenzangu. Alama za njia ziwekwe na klabu, si mkulima, na wageni wanaokuja kutoka nje ya jimbo waelezwe hivyo wanaposajili mashine zao.

Lakini misitu mikubwa ya kaskazini siikubali. Huko ruhusa ya mdomo imefanya kazi miaka mingi, na sitaki ivunjwe kwa sababu ya watu wanaokimbia mashambani kusini.

Mkulima wa Androscoggin

Na wenye viwanja vidogo vya msitu, ekari 15 au 20, ambao hawalimi wala hawagemi? Wao umewaacha wapi?

Dereva wa Aroostook

Hao ndio sijawapatia jibu. Mzee wa Burlington, klabu za kwenu zinafanyaje mwenye kiwanja kidogo akiwa anaishi mbali na hapokei simu?

Mzee wa Burlington

Asipojibu, mwanangu, njia inazungushwa nje ya kiwanja chake. Kutojibu si ruhusa.