Kiwanda cha mafuta cha Haifa: kibaki au kiondoke?

Wakuu, kila vita vya Israeli na Iran vikitajwa nasikia hoja ileile: kuondoa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Bazan kwenye ghuba ya Haifa ni kumpa adui ushindi wa bure. Mimi nasema vita ndiyo sababu ya kukiondoa, tena haraka.

Usiku wa kuamkia Juni 16, 2025, kombora la Iran lilitua pale. Wafanyakazi watatu walikufa. Mtambo wa umeme na mvuke ukaharibika vibaya, na bila mvuke hakuna kinachosafishwa hata minara ya kusafishia ikiwa imesimama. Shughuli zote zikazimwa, ukarabati ukala miezi. Huo usalama wa nishati tunaohubiriwa uko wapi hapo? Na mafuta ghafi yenyewe hayachimbwi Haifa. Yanaletwa na meli, mengi yakiwa ya Azerbaijan na Kazakhstan. Bandari inayopokea ghafi ikijengewa matangi ya kutosha itapokea na dizeli. Watu wa Mombasa mnalijua hili: Changamwe iliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, ikabaki ya kuhifadhi, na matatu bado zinakimbia.

Wengine wanasema Haifa imeshazoea vita. Imezoea, lakini tazameni inavyozoea. Mwaka 2006 roketi ya Hezbollah, kundi la wapiganaji la Lebanon, iliua wafanyakazi 8 kwenye karakana ya reli, na mpaka wa Lebanon uko kilomita 30 na kitu tu. Baada ya vita vile hospitali ya Rambam ikachimba maegesho ya magari ya ngazi tatu chini ya ardhi, yanayogeuzwa wodi zenye vitanda 2,000. Septemba 2024 magari yalitolewa, wagonjwa wakateremshwa. Sawa, hospitali imepata pa kujificha. Mnara wa kusafishia mafuta mtauteremsha wapi?

Kuna na tanki la kukumbukwa lililokuwa palepale ghubani, la tani 12,000 za amonia, kemikali yenye sumu. Mwaka 2016 Hassan Nasrallah, kiongozi wa Hezbollah wakati huo, alilitaja hadharani, akafananisha kulipiga na bomu la nyuklia. Meya Yona Yahav akaenda mahakamani, na mwaka 2017 likaamriwa liondolewe amonia yote. Sitaficha upande wa pili: kiwanda cha mbolea kilichotegemea amonia ile kikafunga shughuli zake za kaskazini, mamia wakapoteza kazi. Hii ndiyo hoja pekee ya watetezi wa Bazan inayoninyima usingizi. Fundi aliyezeeka kwenye mabomba hataajiriwa kesho kwenye kampuni ya kompyuta kwa sababu tu Technion, chuo kikuu cha teknolojia, iko mlimani juu yake. Kwa hiyo fidia na mafunzo vitangulie, kufuli lifuate.

Ila kusubiri nako ni uamuzi. Machi 2022 serikali iliamua kiwanda kiondoke ghubani ndani ya takriban miaka kumi. Miaka mitatu baadaye kombora likakikuta palepale, katikati ya watu ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakilalamikia hewa wanayovuta, vita viwepo visiwepo.

Mnaotaka kibaki, nijibuni moja tu, bila kuniletea habari za uzalendo: kikipigwa tena huku matangi yamejaa, nani atawaeleza wakazi kwa nini uamuzi wa 2022 ulikuwa bado kwenye makaratasi?