Naombeni ushauri: wahadhiri wanakubali semina, darasani hawabadiliki

Kijana wa Kikwajuni
Asalaam alaykum ndugu zangu. Nafanya kazi chuo kikuu kimoja hapa Unguja, na nimekabidhiwa kazi ya kuwasaidia wahadhiri waache kusoma slaidi saa mbili mfululizo, wawape wanafunzi nafasi ya kujadiliana na kufundishana. Semina tumefanya. Wanakuja, wanasaini, wanapokea posho, wanasifu. Wiki ya pili ukipita dirishani ni hendauti ileile, watoto wameinamisha vichwa wananakili. Wakifika kwenye mtihani hawawezi kueleza kwa maneno yao hata walichokikariri jana. Roho inaniuma, usingizi sipati. Nifanyeje?

Karafuu Mbichi
Ondoa posho kwanza, uone nani atakuja.

Mama Chwaka
Mwanangu, mie nimesomesha skuli miaka mingi, darasa limejaa hadi mlangoni. Hatukuwa na semina. Nilikuwa nawachukua wanaojua, nawagawa kila kundi mmoja, kama tulivyosoma chuo cha Kurani, mkubwa anamsikiliza mdogo juzuu yake huku Maalim anazunguka. Walimu wa sasa wito umewatoka, wanatazama simu tu.

Dau Moja
Mama Chwaka umenikumbusha Maalim wetu kule Mkoani, alikuwa na bakora ya mpera… tuyaache hayo. Kijana, wanafunzi wenyewe wanasemaje?

Kijana wa Kikwajuni
Nao wanalalamika. "Maalim, tupe noti, hayo majadiliano hatuyaoni kwenye mtihani."

Dau Moja
Hilo lina utafiti wake. Mwaka 2019 pale Harvard walilinganisha wanafunzi wa fizikia. Waliofanya kazi wenyewe darasani walijifunza zaidi, lakini walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu. Kwa hiyo waelezwe hivyo mapema, wiki ya kwanza. Na mtihani wenu ukiuliza noti, watataka noti, hawana kosa.

Mstaafu wa Wete
Kijana, haiwezekani wote wawe wamegoma. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya semina. Nani hasa anakusumbua, na umeshafanya nini?

Kijana wa Kikwajuni
Haya. Ni mmoja. Ni Maalim wa takwimu, mkubwa kuliko wote idarani, vijana wanamtazama yeye. Akisema haya ni mambo ya kupoteza muda, nao wanarudi kwenye slaidi. Ana wanafunzi zaidi ya 200, ukumbi viti vimefungwa sakafuni, anasema vikundi haviwezekani. Nimeandika barua kwa uongozi: kila mhadhiri akaguliwe darasani na ripoti iingie kwenye faili lake la kupandishwa cheo. Naona ni haki. Kuomba kwa upole tumeshaomba.

Karafuu Mbichi
Barua! Hapo umejichimbia.

Dau Moja
Viti si hoja. Profesa wa fizikia Eric Mazur alianza njia yake hukohuko Harvard mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye kumbi kubwa kama huo. Unatoa swali moja la kufikirisha lenye majibu ya kuchagua. Kila mtu anafikiri peke yake, kisha wote kwa pamoja wanaonyesha jibu kwa vidole vifuani, jirani asiige. Wakipata karibu wote, endelea na somo. Wakikosa karibu wote, elezea upya. Wakigawanyika, kila mmoja amgeukie jirani mwenye jibu tofauti amshawishi, halafu wajibu tena. Mtu wa mstari wa mbele anageuza shingo tu.
Na kama Maalim ni mtu wa takwimu, mpe takwimu. Mwaka 2014 zilijumlishwa tafiti 225 za sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Kwenye mihadhara mitupu walifeli asilimia 33.8, kwenye madarasa ya kushirikisha 21.8.

Mstaafu wa Wete
Bado hujajibu. Huyo Maalim ni nani kwako?

Kijana wa Kikwajuni
Ni mkwe wangu. Baba wa mke wangu. Barua haina jina lake, inahusu wote. Ningemwachia yeye pekee wangesema nampendelea.

Popo wa Darajani
Jamani, tunachezewa. Mara posho, mara barua, sasa mkwe. Kesho mke kaondoka na watoto. Huyu ni mwanafunzi anakusanya maoni ya tasnifu yake bila kutuambia.

Karafuu Mbichi
Hata mie nilianza kushuku. Hadithi imenyooka mno.

Mama Chwaka
Katunga au hakutunga, wapo wahadhiri kama hao na wapo watoto wanaofeli. Popo, we mwenyewe ulisoma wapi ukaelewa takwimu?

Popo wa Darajani
Sikuelewa Bi Mkubwa, ndiyo maana nauza vitenge.

Kijana wa Kikwajuni
Sijatunga. Sikutaja ukwe kwa sababu nilijua mtajibu mambo ya nyumbani mkaacha ya darasani. Barua imeshapokelewa, imegongwa muhuri, siiondoi.

Mstaafu wa Wete
Basi usimwendee na semina. Aliyesomesha muda wote huo anajua wanafunzi wanakosea wapi kuliko wewe. Muombe akutungie maswali. Akishalitunga swali lake mwenyewe, atataka kuona watajibu nini.

Kijana wa Kikwajuni
Hili nalichukua. Dau, nipe mfano mmoja wa kumpelekea leo baada ya Isha.

Dau Moja
Watu kumi wamekaa barazani, kila mmoja anapata kati ya laki mbili na laki nne kwa mwezi. Mwenye hoteli anayepata milioni 50 anakuja kukaa nao. Kipi kitabadilika kidogo kuliko kingine: (1) wastani wa mapato yao, (2) pato la mtu wa katikati wakipangwa kuanzia mwenye kidogo, (3) vyote sawa? Wapo watakaosema 3. Waache wabishane dakika mbili.

Mama Chwaka
Lakini baba, umwambie ya barua kabla ya swali. Asije akaisikia idarani.

Kijana wa Kikwajuni
Nitamwambia, Mama. Na hilo swali nimeshaliandika kwenye karatasi.