Mrejesho: pampu ya maji nimebadilisha pamoja na belti ya taimingi

Wakuu, niliuliza hivi: gari limezeeka, linakaribia kilomita 200,000, pampu ya maji haivuji. Niibadilishe mapema au nisubiri isumbue? Asanteni sana kwa majibu.

Kilichoniamulia ni swali la mmoja wenu: pampu inazungushwa na belti ipi? Yangu inazungushwa na belti ya taimingi (ile iliyo ndani ya kava, inayooanisha mwendo wa valvu na pistoni), na muda wa kuibadilisha belti ulishafika. Fundi akishafungua, pampu iko pale pale mbele yake. Ukiiacha ikaja kufa baadaye, unalipa ufundi uleule upya. Beringi yake ikikwama inaweza pia kukata belti, na kwenye injini nyingi hapo valvu zinagongana na pistoni.

Ya zamani ilipotoka niliikagua kwa makini. Kwenye kile kitundu kidogo chini ya shafti kulikuwa na ukoko mweupe wa kulanti (maji ya kupozea injini ambayo pampu huyasukuma) iliyokauka, yaani sili ya kuzuia uvujaji ilishaanza kupitisha. Shafti nayo ukiitikisa kwa vidole ilikuwa inacheza. Kwa nje usingeona hata tone, kava la belti lilificha yote.

Tumeweka gasketi mpya, rola ya kukazia belti na kulanti mpya, kisha tukatoa hewa kwenye mfumo. Geji ya joto imetulia hata kwenye mlima mrefu.

Kwa mwenye pampu inayozungushwa na belti ya nje, ushauri wangu ni tofauti: kagua mara kwa mara na usubiri dalili, maana kuifikia ni rahisi zaidi.