Naomba ushauri: ushirika wetu unamtegemea mtu mmoja

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mjumbe wa bodi ya chama cha ushirika cha wakulima wa parachichi huku Rungwe. Msimu uliopita karani wetu aliugua wiki mbili, kila kitu kikasimama: mnunuzi hakujua ampigie nani, wachumaji hawakupangiwa zamu, malipo yakachelewa. Iliniuma sana, maana tunda likishachumwa halisubiri.

Ndipo nikachora mtandao wetu kwenye karatasi: kila mtu nukta, na mshale kwenda kwa yule anayemuuliza akikwama. Mwenyekiti yuko pembeni kabisa! Karibu kila njia kati ya vijiji na mnunuzi inapita kwa karani. Kipimo alichokieleza mwanasosholojia Linton Freeman mwaka 1977 kinahesabu jambo hilohilo: mtu anakaa mara ngapi kwenye njia fupi zinazounganisha wengine.

Sasa, nikusanye vipi majibu ya kweli ya wanachama kuhusu nani humuuliza nani, bila karani kudhani tunataka kumtoa? Ni mama mchapakazi, namheshimu. Na je, tumwekee msaidizi, au tuviunganishe vijiji moja kwa moja na mnunuzi? Mliowahi kufanya hivi, hata kwenye VICOBA, nisaidieni tafadhali.