Je, riwaya hii inamfaa mtoto wa miaka 13? Naomba ushauri

MamaWaSouthB
Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo limeninyima usingizi wiki nzima. Mwanangu ana miaka 13, yuko Gredi ya 8 katika shule ya bweni hapa Nairobi ambayo sitaitaja, na mwalimu wake wa Kiingereza ameliagiza darasa zima lisome Great Expectations ya Charles Dickens, toleo lililofupishwa. Tangu akianze kitabu hicho amebadilika. Alipokuja nyumbani katikati ya muhula alikuwa kimya, akinitazama kama mtu anayenipima, na maswali yake yalikuwa ya ajabu: je, mtu anaweza kuiba na bado akawa mwema, na je, kumwonea mtu aibu ni dhambi? Nilipokifungua nikakuta kinaanza na mtoto anayeiba chakula cha nyumbani kwao na kumpelekea mfungwa aliyetoroka. Je, hiki ni kitabu cha kumlea mtoto kimaadili? Ninafikiria kuiandikia shule.

Mwalimu_Mstaafu
Dada, nilifundisha fasihi kwa miaka mingi na ningekuomba usikihukumu kitabu kwa sura yake ya kwanza. Pip ana umri wa miaka saba hivi, ni yatima, na mfungwa amemtishia kwamba atang'olewa moyo na ini asipoleta chakula pamoja na tupa ya kukatia pingu. Anaiba, ndiyo, lakini tazama dhamiri yake inavyofanya kazi baada ya hapo. Hanyamazi kwa sababu ya fimbo ya dada yake tu. Ananyamaza kwa kuwa anaogopa kwamba shemeji yake Joe, mfua chuma anayempenda, akijua ukweli hatamwamini tena. Mfungwa naye anapokamatwa anadai kwamba ni yeye aliyeiba, ili mtoto asiadhibiwe, na Joe anamjibu kwamba chakula hicho ni halali yake, maana hawangependa binadamu mwenzao afe kwa njaa. Pip anakua akidhani kwamba wizi ule ndio dhambi yake kubwa, ilhali ulikuwa tendo lake la huruma. Dhambi yenyewe inakuja baadaye, akiwa amevaa vizuri na hakuna anayemlaumu.

ShangaziKayole
Mimi nitasema bila kuzunguka. Watoto wa siku hizi wanapewa vitabu vya Wazungu, kisha tunashangaa wanapotujibu. Zamani bibi alikaa nawe jikoni akakusimulia hadithi ya Sungura na Fisi, ukajua mema na mabaya kabla ugali haujaiva.

Mwanachuoni_KE
Sungura wa hadithi zetu ndiye mwizi na mlaghai kuliko wote, Shangazi, lakini tuyaache hayo. Ninachosikitikia mimi ni hilo toleo fupi. Riwaya hii ilichapishwa kwanza kwa sehemu za kila wiki kati ya Desemba 1860 na Agosti 1861, na msomaji alikuwa akikua pamoja na Pip kwa miezi kadhaa; ukiifupisha, unabaki na visa huku majuto yakikatwa, na majuto ndiyo kitabu chenyewe, kwa sababu anayesimulia ni Pip mtu mzima anayejitazama nyuma. Kama ni hivyo, afadhali mtoto asome Siku Njema ya Ken Walibora ya mwaka 1996, yote kwa ukamilifu. Kongowea, mhusika wake mkuu, naye ni yatima, anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba yake, na haihitaji kufafanuliwa baridi ya Uingereza ni nini.

BinEastlands
Tumejibu mengi, lakini nina swali moja. Dada, umesema mtoto anakutazama kama anayekupima. Kitabu kuhusu mkate ulioibwa hakimfanyi mtoto ampime mama yake. Ni nini ambacho hujatuambia?

MamaWaSouthB
Sikuona kama linahusika, lakini kwa kuwa umeuliza nitasema. Kaka yangu mkubwa ni fundi Kamukunji. Anafua bati, anatengeneza masanduku ya wanafunzi, majiko na karai. Wazazi wetu walipofariki, ni yeye aliyenilipia karo hadi nikamaliza chuo, na mwanangu alijifunza kutembea katikati ya mabati yake. Jumamosi ijayo ni siku ya wazazi shuleni. Nilimwambia kaka kwamba imeahirishwa.

Mwanangu alijua. Akaandika insha kuhusu riwaya hiyo, na sentensi yake ya kwanza inasema kwamba katika familia yetu Pip ni mama. Mwalimu ameichagua isomwe mbele ya wazazi wote.

Kabla hamjanirukia, nieleweni. Kaka huzungumza kwa sauti ya juu kwa sababu nyundo zimemwathiri masikio, na wazazi wengine pale ni watu wa ofisi kubwa kubwa. Nilitaka kumwepushia macho ya watu. Barua ya kuomba kitabu kiondolewe nimeshaituma. Nilichotaka kwenu ni hoja za kuiunga mkono.

ShangaziKayole
Ewe mwanamke! Yaani huyo aliyekusomesha?

BinEastlands
Sitakurukia, kwa sababu mimi nilifanya vibaya zaidi. Baba yangu aliuza mashati ya mitumba Gikomba, na nilipokuwa kidato cha pili alikuja shuleni akiwa ameniletea shati, amelikunja vizuri ndani ya gazeti. Wenzangu waliponiuliza ni nani, nilisema ni mtu aliyetumwa na baba. Alisikia. Aliniaga kwa adabu kama mtu aliyetumwa kweli, akaondoka, na hakulitaja jambo hilo hadi alipofariki. Shati lile nililivaa miaka mitatu.

Mwalimu_Mstaafu
Basi sasa tumefika kwenye sura ninayoipenda. Pip yuko London, amekuwa muungwana kwa fedha za mfadhili asiyemjua, na Joe anakwenda kumtembelea. Pip anakiri kwamba kama angeweza kumzuia kwa kulipa pesa, angelipa. Joe anahangaika na kofia yake inayoanguka kila mara, anamwita Pip bwana, kisha anapoaga anasema kwamba maisha yameungwa kwa kutengana kwingi, na kwamba kuna mfua chuma, mfua bati, mfua dhahabu na mfua shaba. Mfua bati, dada, yumo humo. Baadaye mfadhili anajulikana kuwa ni yule mfungwa, mali inapotea, Pip anaugua huku akidaiwa pauni 123 na ushei, na anayemuuguza na kulilipa deni hilo ni Joe, ambaye anaondoka alfajiri bila kusubiri ashukuriwe.

KaraiLaMoto
Mimi ningependa kujua masanduku hayo ni bei gani, kwa maana Januari inakuja.

MsomajiMbishi
Wanajukwaa, amkeni. Kuna ndugu mkubwa aliyemlea yatima, naye ni mfua bati. Kuna yatima aliyeelimika na kuona haya. Kuna siku ya kutembelewa. Hii ni Great Expectations iliyovishwa shuka ya Kimaasai ili tuishangilie. Nadhani ni mwanafunzi wa fasihi anayetafuta majibu ya mtihani, na Mwalimu ameshamwandikia nusu yake.

Mwanachuoni_KE
Nami nilianza kushuku pale kwenye sentensi ya kwanza ya insha. Mtoto wa Gredi ya 8 haandiki hivyo.

BinEastlands
Na mimi je, shati langu nalo limetoka kwa Dickens? Mafundi wa Kamukunji waliosomesha wadogo zao ni wengi kuliko mnavyodhani.

MamaWaSouthB
Sina namna ya kuwathibitishia, na kusema kweli ningefurahi kama ingekuwa hadithi ya kutungwa. Labda niseme jambo ambalo halimo katika kitabu. Mwanangu alipoingia bweni, kaka alimtengenezea sanduku na kugonga herufi za jina lake chini ya kifuniko, kwa ndani, zisionekane. Nilimnunulia begi la magurudumu, na sanduku likabaki chini ya kitanda changu. Muhula huu alirudi shuleni nalo. Sikumwona akilichukua.

Jioni hii kaka amenipigia simu. Mtoto alimweleza tarehe kwa simu ya shule. Hakuniuliza kwa nini nilidanganya. Alisema tu kwamba Jumamosi atafunga banda, kisha akaniuliza avae shati gani. Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata.

MsomajiMbishi
Bado sikuamini. Lakini mpigie umwambie avae la mikono mirefu, kwa maana asubuhi za Julai zina baridi.